Mama Upepo na betri mbili za Isuzu

Saa moja asubuhi, Makambako. Upepo unavuma kana kwamba umetumwa kudai kodi ya kichwa, na Dafroza Mligo amepiga magoti kando ya Volkswagen ya mwalimu mmoja wa Kidugala, akimsihi mwenyewe anyanyue kiti cha nyuma.

"Mwalimu, betri yako umeibebesha abiria," anamwambia.

Mwalimu amelimiliki gari hilo kwa wiki tatu, na kwa wiki tatu amekuwa akiitafuta betri yake mbele na nyuma. Ananyanyua kiti. Betri ndiyo hiyo, imetulia kama kuku anayeatamia.

Dafroza anaiinamia, anasoma maandishi yake, kisha anatikisa kichwa. Ni ya volti sita. Mashine yake inataka kumi na mbili. Bila kupoteza muda anampungia mkono dereva wa Peugeot pikapu anayekunywa chai ng'ambo ya barabara.

"Kaka, niazime moto dakika tano. Mwalimu huyu ana watoto darasani."

Dereva anakuja na kikombe chake. Anasogeza pikapu, anafungua boneti, na Dafroza anamkabidhi nyaya mbili ndefu zenye vibanio. Hafungi yeye. Katika kijiwe chake mwenye gari ndiye anayebana kwa mkono wake mwenyewe, injini ikiwa inanguruma, ili baadaye asije akasema kanyonywa betri kwa siri. Mashine inaanza kutetema, na tairi la Volkswagen linanyanyuka taratibu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa.

Hiyo ndiyo kazi ya Dafroza, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anayejulikana na madereva wengi kati ya Njombe na Makambako kwa jina la Mama Upepo. Anajaza matairi kwa kompresa ndogo isiyo na injini wala tone la mafuta. Uzito wake ni kilo nane. Inakula kwa jirani: gari lolote linalopita, likikubali kufungua boneti, ndilo jiko lake.

Madereva hawaishi kumtania. "Makambako upepo tunapewa bure na Mungu, wewe unatuuzia," humwambia.

"Wa Mungu haukai ndani ya tyubu," huwajibu. "Mwenye kuukamata na alipwe."

Anajua betri za magari zinapojificha kama mkunga anavyojua nyumba zenye wajawazito. Land Rover za misheni huziweka chini ya kiti. Hiace nazo ni hivyo hivyo, kwa hiyo ni lazima abiria wa mbele ashuke, na huyo huwa hakosi kununa. Trekta halina shida, ila lina kelele. Lori la Scania haligusi.

"Scania linajijaza lenyewe kwa upepo wa breki zake," anaeleza. "Ni tajiri lile. Mimi kazi yangu ni kwa wasio nacho."

Elimu hiyo hakuipata darasani. Alizaliwa kijiji cha jirani na Lugarawa, wilayani Ludewa, akaja Makambako mwaka 1986 kumsaidia dada yake kuuza chai na chapati kwa madereva. Zama zile tairi lilikuwa mali ya kufungiwa kabatini. Kisha biashara ikafunguliwa, magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani na Dubai, na barabara ikajaa vyombo vya kila kabila. Matairi yao yalikuwa yamechoka kabla hayajafika.

"Nilikuwa nawauzia chapati watu wanaolia pancha," anasema. "Nikajiuliza, hivi kweli huyu anahitaji chapati?"

Mwaka 1991 alinunua mashine yake ya kwanza kwa dereva mmoja aliyekuwa anaelekea Zambia. Ilidumu siku kumi na tisa. Siku ya ishirini lilikuja lori lenye betri mbili, na Dafroza akafurahi. Betri mbili, aliwaza, ni nguvu mara mbili, kazi itaisha upesi. Akabana kibanio kimoja mwanzo wa betri ya kwanza, kingine mwisho wa betri ya pili.

Kazi iliisha upesi kweli. Volti ishirini na nne ziliingia kwenye mashine ya kumi na mbili, ikalia mara moja kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia, kisha ikatoa moshi.

"Nilisimama pale nanusa mtaji wangu," anasema, na safari hii hacheki.

Aliuza cherehani ya marehemu mama yake ili anunue nyingine, iliyokuja ndani ya buti la Corolla kuukuu. Kwa mashine hiyo sasa anatoza shilingi mia moja kwa tairi dogo na mia nne kwa kubwa. Siku njema humpa hadi elfu mbili. Siku ya mvua kali humpa kikohozi.

Hata hicho kidogo kimo hatarini. Wiki mbili zilizopita watu walikuja na futi na vigingi, wakapima kijiwe chake chote kwa ajili ya kituo kipya cha mafuta. Ametakiwa kuondoka mwisho wa mwezi huu. Jirani yake Bashiru, mwenye kompresa kubwa ya dizeli, ameahidiwa nafasi ndani ya kituo hicho. Dafroza hakuahidiwa kitu, na hana kijiwe kingine mjini.

Limebaki tumaini moja, nalo linaitwa Abdulsalam. Msafirishaji huyo wa Makambako ana Isuzu nne za tani saba zinazopanda Ipelele, Makete, kuchukua viazi. Barabara ya huko ina mawe kama meno ya mamba. Lori likipata pancha ya kwanza hutumia tairi la akiba. Ya pili hulilaza njiani, na viazi huanza kuota vikiwa garini. Anatafuta fundi wa kusafiri na magari yake. Mashine ya Bashiru ingekula nafasi ya magunia manane. Ya Dafroza inakaa miguuni pa abiria.

Saa nne asubuhi hiyo hiyo, Abdulsalam anafika na Isuzu moja. Anashuka, anakagua kile kisanduku cha kompresa kwa jicho la mtu aliyeletewa mbuzi mwembamba, kisha anamwambia dereva wake, Hamis, atoe upepo kwenye matairi mawili ya nyuma.

"Mawili, mzee?" Hamis anauliza.

"Pancha za Ipelele hazijui kuhesabu. Mawili." Anamgeukia Dafroza. "Mama, una saa moja. Baadaye gari liwake. Lisipowaka, tumemalizana."

Kuwaka kwa gari ndiyo hofu yao hasa. Mwaka jana fundi mmoja alijaza tairi la lori hili hili huko mlimani, na alipomaliza, injini ilipozimwa haikuwaka tena. Hamis alilala Ipelele siku mbili, na baridi ya huko haina utani na mtu.

"Mama Upepo, sina ugomvi na wewe," Hamis anamwambia. "Lakini meno yangu bado yanagongana."

"Alibana betri gani?" Dafroza anamuuliza.

"Hiyo ya nje."

"Kazi yote, bila kuhamia ya ndani?"

"Kazi yote."

"Basi sio wewe tu uliyelala na njaa, baba. Na betri yako pia."

Anampa vibanio. Anamwonyesha: Isuzu lina betri mbili za kumi na mbili, zimeshikana mikono. Ukizichukua zote unaunguza mashine. Ukichukua moja tu, unapata kumi na mbili zako salama. Hamis anabana kwenye betri ya nje, injini inanguruma, na mashine inaanza.

Watu wanakusanyika. Bashiru anaacha kazi zake, anaegemea nguzo.

Dakika kumi zinapita. Dafroza anazima mashine, anaifunika kwa kitambaa chenye maji, anamwomba Hamis ahamishe vibanio vyote viwili hadi betri ya ndani. Kisha anaketi juu ya rimu kuukuu, hafanyi lolote.

"Kimeharibika?" Abdulsalam anauliza.

"Kinapumzika."

"Na hizo nyaya unazihamishia nini? Kule kulikuwa na ubaya gani?"

Dafroza anamtazama. "Samahani mzee, nyumbani una wake wangapi?"

"Wawili."

"Unakula kwa mmoja siku zote?"

Umati unaangua kicheko kabla mzee hajajibu. Yeye mwenyewe anatafuta pa kuyaweka macho yake.

"Kwa zamu," anasema hatimaye.

"Betri nazo ni hivyo hivyo. Ukimchosha mmoja, siku ya kuwasha gari yule mwingine hakusaidii. Wanafanya kazi pamoja au hawafanyi kabisa."

Kazi inaendelea hivyo: dakika kumi, mapumziko, kuhama. Dakika ya thelathini na nane geji inasoma paundi themanini kwenye tairi la kwanza: limejaa. Tairi la pili bado limelala. Mashine sasa ina joto la kuivisha kiazi, na mapumziko yake yanazidi kurefuka.

Hapo ndipo shughuli inapokuwa nzito. Akiilazimisha, atamaliza ndani ya saa, lakini huenda akanusa mtaji wake kwa mara ya pili, na hakuna tena cherehani ya kuuza. Akiipumzisha, saa itampita mbele ya mji mzima.

"Dada," Bashiru anamwita kwa upole, "nikuletee mpira wa kompresa yangu? Dakika tatu tu namaliza."

"Ahsante kaka. Na Ipelele utanirushia kutoka hapa?"

Bashiru anacheka pamoja na wengine. Dafroza anaweka kiganja juu ya mashine, anakiondoa haraka, na anaagiza chai. Anainywa yote. Saa ya Abdulsalam inaonyesha dakika sitini zimekwisha, na geji ya tairi la pili inasoma thelathini na tano.

"Mama, muda umekwisha."

"Nimeona, mzee."

"Na umekaa."

"Mzee, mimi naogopa kuunguza mashine kuliko ninavyoogopa saa yako. Mashine hii ikifa kule juu, utakuwa na gari bovu na fundi bovu, na wote tunakula viazi vyako."

Abdulsalam haondoki. Anatafuta jiwe, anapangusa vumbi, anaketi.

Tairi la pili linafika themanini dakika ya themanini na tano. Dafroza anakunja nyaya zake taratibu, anasogea pembeni. Kazi yake imekwisha. Iliyobaki ni ya betri.

"Zima," Abdulsalam anamwamuru Hamis. Injini inanyamaza. Wote wanasubiri, hata upepo unaonekana kupunguza maneno. "Haya, washa."

Isuzu linakohoa mara moja, linanguruma.

Hamis hashuki. Analizima, analiwasha. Linaitika. Analizima tena, analiwasha tena, uso wake umeanza kung'aa kama wa mtu aliyeonyeshwa kitanda chake.

"Acha, unanimalizia dizeli," Abdulsalam anamkaripia. Kisha kwa Dafroza: "Umezidisha dakika ishirini na tano."

"Kweli, mzee."

"Aliyeniharibia mwaka jana alimaliza mapema." Anasimama, anajikung'uta kanzu. "Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri. Shilingi elfu kumi na sita kwa mwezi, na chakula cha njiani. Utapanda na Hamis."

"Juu ya magunia au mbele?"

"Mafundi hupanda juu."

"Mashine haiwezi kukaa juu, itatikisika. Itakaa mbele. Na mimi huwa siiachi peke yake."

Abdulsalam anamtazama Hamis, na Hamis anaitazama barabara kwa makini makubwa kama mtu asiyesikia. "Mbele basi," mzee anasema, na kuondoka kabla hajadaiwa kingine.

Mchana huo Dafroza anahamisha vitu vyake vichache kutoka kijiweni: jeki, pande la mpira wa viraka, kopo la gundi. Hasubiri mwisho wa mwezi. Vigingi vya wapimaji anaviruka bila kuvitazama.

"Wao wamepata kiwanja," anasema. "Mimi nimepata kilomita."

Mipango yake haiishii Makete. Anataka kila dereva wa Abdulsalam ajue kubana kwa zamu, hata siku asipokuwapo yeye. Akishajiwekea akiba ya miezi minane, atanunua mashine ya pili kwa ajili ya barabara ya Ludewa, aikabidhi kwa kaka yake Severini. Kwao, anasema, mtu bado huviringisha tairi kwa miguu kutwa nzima hadi Lugarawa kutafuta upepo, na kurudi nalo usiku akiomba Mungu lisitoboke tena.

"Tairi likae lilipo," anasema. "Upepo ndio uende safari."

Na mashine yenyewe ameshaiona. Imo dukani kwa muuza redio mmoja huko Njombe, rafu ya chini, bei yake robo ya ile ya kwanza. Muuzaji anawaambia wateja kwamba ni kifaa cha kupulizia rangi.

Dafroza amekwenda kuitazama mara mbili. Hajamsahihisha.