Miguu Minne Chini ya Noah Yangu

Siku mbili kabla ya safari nilimkuta mke wangu amelala chini ya gari langu na mwanaume mwingine.

Soma taratibu, usinikimbize.

Ilikuwa saa tisa mchana, hapa hapa Kibondo, kwenye gereji ya jirani na soko. Miguu minne imetokeza nyuma ya Noah yangu. Miwili ina ndala za bluu nilizonunua mimi. Miwili mingine ina buti za fundi Nurudini.

Na wanacheka.

Aisee, nilisimama pale nimeikodolea macho ile miguu.

Mnielewe. Nurudini kwangu si fundi tu. Huyu jamaa alimtaka Pelagia kabla yangu. Dini ikawakwamisha, yeye Mwislamu, Pelagia binti wa mwinjilisti. Mimi Nduwayezu nikapita katikati, nikaoa. Miaka kumi na mbili sasa, na kila nikipita kwenye hiyo gereji nageuza shingo kuangalia kama ananicheka.

"Pelagia!"

Kicheko kikakatika. Mke wangu akajivuta akatoka, kitenge kimejaa grisi, uso unang'aa.

"Baba Kezia, afadhali umekuja. Nurudini ananionyesha tairi la spea linavyoshushwa."

"Kwani mimi sijui?"

"Nimekuomba wiki nzima uangalie gari. Ukasema gari ni zima."

Hapo hakunionea. Jumamosi mdogo wake Winnie alikuwa anaolewa Muyama. Kwenye familia yao, bibi harusi anatolewa ndani na dada yake mkubwa, anashikwa mkono mpaka walipokaa wakwe. Pelagia ndiye dada pekee. Kitenge cha siku hiyo kilishonwa tangu mwezi wa tatu. Kutoka Kibondo mpaka Kasulu, kisha Muyama, na saa tano asubuhi awe amefika.

Nurudini naye akatoka, anajifuta mikono, meno yote nje.

"Shem, gari sasa liko fresh. Breki nimerekebisha, taa moja ilikuwa imekufa nimebadilisha. Mikanda ya nyuma ilizikwa chini ya kava za siti, nimeifukua. Upepo nimeweka thelathini na tano, maana sasa hivi mtapita sana kwenye lami. Halafu spea yako ni kipara. Nimekuwekea ya kwangu, mtanirudishia."

Ya kwake. Tairi la Nurudini limelala chini ya gari langu.

"Asante," nikasema. Nilivyoitamka, bora ningenyamaza.

Kesho yake jioni Pelagia akaenda mazoezi ya kwaya. Nikabaki na gari.

Sikia nilichofanya.

Nilishusha spea ya Nurudini nikaitupa stoo, nikarudisha kipara changu. Sikuangalia hata kama kina upepo. Kisha nikazunguka tairi zote nne na ncha ya ufunguo. Nikabonyeza valvu. Pssss.

Sisi tuliokula vumbi la barabara hii enzi zile tunajua. Kwenye mashimo upepo unapunguzwa, la sivyo gari linakurusha kichwa mpaka kwenye bodi. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa.

Lakini niseme ukweli, maana mmeshanijua. Sikupunguza kwa ajili ya mashimo. Nilipunguza kwa sababu upepo ule ulikuwa wa Nurudini.

Mikanda tu sikuigusa. Kezia, binti yetu wa miaka tisa, alikuwa ameshaipenda, anaifunga na kuifungua siku nzima. Ningemwambia nini mtoto?

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukapakia. Maharage gunia moja, mkungu wa ndizi, na mzigo wa duara umefungwa kwenye shuka na kamba.

Nikaunyanyua, mgongo ukalia.

"Hiki nini?"

"Sufuria ya shughuli. Zawadi ya Winnie."

"Sufuria gani nzito hivi?"

"Nzuri huwa nzito," akajibu, akapanda gari.

Safari ikaanza tamu. Tumeshika lami, redio inaimba, Pelagia anagawa maandazi. Simu yake ikalia kidogo, ujumbe. Akasoma, akatabasamu.

"Nani?"

"Nurudini. Anasema tuendeshe polepole."

Nikakanyaga mafuta.

Ndiyo. Mtu mzima, nina ndevu, nikaongeza mwendo ili nisimtii mtu ambaye hata hayupo.

Hatujafika Makere, kwenye mteremko, nikasikia mlio. Puu! Nyuma kushoto. Gari likaanza kuyumba mkia, usukani unanikataa. Mbele lori linapanda.

"Mana yanje! Mungu wangu!" Pelagia akaita.

Lori lilitupita kwa upana wa kiganja, honi ndefu. Tukatoka nje ya barabara, tukaruka kwenye majani, tukasimama ghafla ukingoni mwa mtaro.

Nikazima gari.

Niligeuka nyuma nikiwa naogopa nitakachokiona. Kezia alikuwa amening'inia kwenye mkanda, macho yamemtoka, andazi bado liko mkononi. Mlango wa upande wake ulikuwa wazi kabisa. Ulifunguka wenyewe kwa ule mruko.

Mlango wazi, mtoto yupo.

Mkanda ule ndio kitu pekee cha Nurudini ambacho sikukitoa.

Nilishuka. Nikashusha spea yangu. Ilikuwa kipara, na imelala flati kama chapati. Nikakaa chini pembeni yake.

Pelagia akashuka. Alifungua buti, akafungua kamba, akaondoa shuka.

Ile sufuria ilikuwa tairi la Nurudini.

"Nililiona stoo jana nilipofuata maharage," akasema. "Nikajua. Ningekuuliza tungegombana, na harusi ingetupita."

Tairi hilo nililipakia mwenyewe, jamani, kwa mikono yangu.

Nikachukua spana. Nikavuta kwa mikono yote miwili, nati hailegei.

"Baba, mpe Mama," Kezia akasema. "Mjomba Nurudini alimfundisha mara tatu."

Mjomba!

Pelagia akajifunga kitenge cha zamani juu ya kile cha harusi. Akaweka mawe kwenye tairi. Akalegeza nati kwanza, ndipo akapiga jeki. Mimi nilipewa kazi ya kukata matawi na kuyaweka barabarani ili magari yatuone.

Wivu ulinishika hata pale. Kila alipokanyaga spana kwa mguu, niliona nani kamfundisha kukanyaga hivyo. Na wakati huo huo naangalia mlango wa Kezia, naona aibu.

Alipomaliza akapitisha kiganja kwenye tairi zingine. Zilikuwa moto na laini. Akabonyeza moja. Akabonyeza nyingine. Akaniangalia.

"Nurudini aliweka thelathini na tano."

Nikainama kuokota spana.

"Baba Kezia. Upepo umeenda wapi?"

"Nilitoa mimi."

Aliokota jeki, akairudisha kwenye buti. Nilitamani apige kelele.

"Miaka kumi na mbili unamchunga Nurudini," akasema mwishowe. "Ungechunga tairi hivyo, tungekuwa tumefika."

Tukajikokota mpaka Makere kujaza upepo. Hakuna aliyewasha redio.

Tulifika Muyama saa saba. Winnie alikuwa ameshatolewa nje na shangazi yake. Pelagia akasimama nyuma ya watu, mikono ameificha kwa sababu ya grisi, anapiga vigelegele na machozi yanatiririka. Shangazi mtu akauliza kilichotuchelewesha.

"Pancha tu," Pelagia akajibu.

Akanisitiri. Hilo lilinichoma kuliko angenisema mbele za watu.

Jumatatu nikapeleka tairi gereji mwenyewe. Nurudini hayupo, nikamkuta mkewe, Tunu, amekaa kwenye kigoda anapanga nati.

"Shemeji, leo unasalimia?" akacheka. "Siku ile nilikuwa hapa hapa nyuma yako. Nimekusalimia mara mbili hukuitikia, umekodolea macho miguu tu."

Nikaliweka tairi chini.

"Mimi ndiye niliyemwambia Pelagia alale chini aone. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo hivyo na mume wangu. Waliyekuwa wanamcheka ni mimi, nilivyojimwagia oili usoni."

Kwa hiyo miguu ilikuwa sita. Mimi nilihesabu minne.

Ndugu msomaji, ukitaka safari yako iwe tamu, kagua gari siku mbili kabla. Tairi, spea, breki, taa, mikanda. Aliyekupa ushauri awe rafiki, adui, au yule aliyemtaka mkeo, nati hazijali.

Mimi wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Juzi tena tulikuwa tunajiandaa kwenda Kasulu, nikampeleka Pelagia kwa Nurudini. Nikakaa kwenye kigoda cha Tunu, nimekunja uso, nahesabu miguu.

Ila nilisubiri kwanza upepo ufike thelathini na tano, ndipo nikaanza kununa.