Spesi Haishiki Mstari

Nilichapa wimbo wa kwaya yetu ya mtaa wa Kihesa kwa safu mbili, Kihehe kushoto na Kiswahili kulia. Katikati nilibonyeza spesi mpaka kidole kikauma. Kwenye steshenari faili likafunguliwa kwa programu nyingine, safu zikaingiliana: mstari mmoja unaanza kwa Kihehe, unaishia kwa Kiswahili. Nikafoka.

"Dada, tumia kitufe cha tab," mwenye duka akanijibu. "Spesi haishiki mstari."

Ibada ilishakaribia, tukachukua karatasi hivyohivyo. Kwaya ikaimba kila neno kama lilivyochapwa, wala haikukwama. Tulipotoka, bibi yangu akanishika mkono: "Leo ndiyo mmeimba kama tunavyoongea nyumbani."

Siku hizi natumia tab. Wimbo ule tu sijaugusa.