Beseni la Jenerali

Laiti siku ile ofisini ningalisema hapana. Ofisa wa elimu aliniita kuhusu kitabu cha shule nilichokuwa nimeandika, maisha ya jenerali Mzungu aliyeongoza jeshi Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

"Kazi nzuri, mwalimu. Lakini kurasa hizi za wapagazi ziondoe. Hiki ni kitabu cha jenerali, si cha mizigo."

Nilikubali papo hapo. Nilikuwa mwalimu kijana niliyeishia Fomu Foo, kidato cha nne, natamani kuona jina langu kwenye jalada.

Kurasa zilikuwa sita, zote maneno ya baba yangu. Yeye na mdogo wake walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwetu Mutomo wakawabebee askari mizigo. Baba mdogo alibeba beseni la kuogea la jenerali, hadi kuhara damu kulipomwua kando ya mto. Baba alimzika kwa mikono yake. Alinitajia mto, kijiji na mwamba uliokuwa karibu, ili siku moja niende kuleta udongo wa pale, tumzike nyumbani. Niliporudi kutoka ofisini, nilizitumia kurasa hizo kuwashia moto wa chai. Baba yupo, nilijiambia, nitamwuliza tena.

Kitabu kilipotoka nilikisoma uani kwetu, majirani wakisikiliza: shule za jenerali, farasi wake, nishani zake. Nilipomaliza baba akauliza, "Na mdogo wangu?"

"Hakuingia, Baba."

"Hata beseni?"

"Kumbe jenerali hakuwa akioga!" jirani akasema, watu wakacheka sana. Baba akachukua fimbo yake akaenda kwa mbuzi.

Nilimwomba anisimulie upya. "Nilishasema," akajibu. "Kalamu ulikuwa nayo wewe." Miaka baadaye, alipolazwa hospitali ya misheni, nilikaa kando ya kitanda na daftari jipya. Aliliona, akageukia ukuta. Alikufa wiki hiyohiyo.

Sasa nimestaafu, na kitabu hakifundishwi popote. Najua jenerali alizaliwa wapi na alizikwa wapi. Nikijaribu kukumbuka ule mto, hunijia majina matatu, na nadhani yote nimeyatunga mwenyewe. Kaburi la baba mdogo limepotea kwa mkono wangu, na baba yangu alikufa bila kunisamehe.