Masikio ya Mdogo Wangu

Nilimpiga mdogo wangu kofi la sikio mbele ya wakwe zake, akiwa chini kwenye shamba la pamba, parachuti lake bado linamburuta. Naanzia hapo kwa sababu nyumbani kwetu habari hii huanzia kwenye ndege, na msimuliaji akifika kwenye kofi hupunguza sauti.

Kuruka nilijifunza nikiwa askari. Nilipotoka jeshini nilipata kazi kwenye kampuni ndogo ya wageni iliyokuwa ikirusha watalii kutoka kiwanja cha ndege cha moramu, nje kidogo ya Usagara. Mtalii alifungwa mikanda kifuani mwa mmoja wetu, akaliona ziwa na majabali ya Mwanza kutoka juu, kisha tukaruka naye. Mdogo wangu nilimwingiza mimi, na nilimfundisha kama sisi tulivyolelewa kule Mara, pwani ya ziwa, ambako mkono ulitangulia neno. Akifunga mkanda vibaya, ngumi ya bega. Akisahau kuangalia saa ya kimo, ile inayoonyesha umbali wa kutoka ardhini, teke. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na hakuwahi kunijibu.

Nilichokisimamia kwa ukali zaidi ni masikio. Kila anayekuja kuruka anaogopa parachuti lisipofunguka. Masikio hakuna anayeyawaza. Unapopanda, hewa iliyo ndani ya sikio hutoka yenyewe, unasikia kamlio tu. Shida iko kwenye kushuka. Hewa ya nje inazidi nguvu haraka na kuisukuma ngoma ya sikio kwa ndani, na kama njia inayotoka kooni kwenda sikioni imezibwa na kamasi, hakuna cha kuisukuma irudi. Niliwafundisha wageni kumeza mate, kupiga miayo, kutafuna bigijii, au kubana pua na kusukuma pumzi polepole, mapema, kabla maumivu hayajaanza. Asiyeweza kuzibua masikio yake akiwa chini hapandi. Mwenye mafua harushwi, hata kama amesafiri kutoka mwisho wa dunia.

Jumamosi ile wakwe zake watarajiwa walikuja kumwona akiruka. Baba mkwe alikuwa mwalimu mstaafu, Mhaya wa Bukoba aliyehamia Butimba siku nyingi, Mlutheri, mtu wa suti na maneno machache. Alikuwa amesema wazi kwamba haelewi kazi ya kujitupa kutoka kwenye ndege. Mdogo wangu alitaka aelewe. Nilipomuuliza asubuhi kuhusu masikio alisema yako sawa, nami, kwa kuwa wageni walikuwa wengi, sikumwambia abane pua mbele yangu. Kanuni ilikuwa yangu, na aliyeiruka kwanza ni mimi.

Tulipanda wawili tu na rubani. Tulipofika juu nikamwona anatoa kichupa cha dawa ya puani na kujikamulia haraka, kichwa kimegeukia dirishani. Nilimshika taya nikamgeuza. Macho yalikuwa mekundu na pua imevimba. Nilimwambia abane pua asukume pumzi. Akabana, akasukuma, uso ukajikunja, akatikisa kichwa.

"Unashuka na ndege," nikamwambia.

"Kaka, mzee yuko chini."

"Unashuka na ndege. Rubani atashuka polepole."

Mlango ulikuwa wazi tayari, upepo unapiga kelele. Alipojisogeza nikamdaka mkanda wa begani na kumvuta kwa nguvu zote. Alinipiga kiwiko mdomoni. Nilionja damu, mkono ukalegea, naye akatoka.

Nikamfuata. Kuanguka huko hakuna sauti nyingine isipokuwa upepo, hivyo sikusikia alivyopiga kelele, niliona tu mdomo wake wazi. Kisha akaacha kuutuliza mwili wake kama nilivyomfundisha, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kuzunguka kama gunia lililotupwa. Baadaye alinieleza kwamba ilikuwa kama mtu anagongelea msumari kwenye sikio la kulia, pigo juu ya pigo, halafu kitu kikachanika, joto likamwagika ndani, na mbingu na ardhi zikaanza kubadilishana nafasi. Sikumfikia. Parachuti lake likafunguka, nadhani kwa kile kifaa kinacholifungua chenyewe.

Lakini mwenye kizunguzungu hawezi kuongoza parachuti. Alivuta kamba ya kushoto, akavuta ya kulia, akapita juu ya kiwanja na juu ya vichwa vya wakwe zake, akaenda na upepo badala ya kuukabili. Aligonga shamba la pamba kwa magoti, kisha kwa uso. Upepo ukalijaza tena parachuti, ukamburuta kwenye mashina makavu na mawe, na alipojaribu kusimama alianguka upande mmoja, mara tatu, kama mbuzi aliyechinjwa nusu.

Nilitua karibu, nikavua mikanda, nikakimbia. Damu ilikuwa inamtoka sikioni, inateremka shingoni mpaka kwenye kola. Alikuwa anatapika. Kitu cha kufanya nilikijua: kulikunja parachuti, kumlaza kwa upande, kuacha lile sikio bila kulitia chochote. Badala yake nilimwinua kwa kola nikamzaba kofi la sikio la kushoto, kwa kiganja kilichofunguka, kwa nguvu ya hofu yote niliyokuwa nayo tangu kule juu. Nikasikia mlio mkavu. Nikamzaba la pili. La tatu sikulipiga kwa sababu baba mkwe alikuwa amefika na kusimama katikati yetu, viatu vyake vimejaa vumbi, na akasema kwa sauti ya kawaida, "Muache mtoto wa mwenzio."

Tulikuwa watoto wa mama mmoja. Sikumsahihisha.

Hospitalini daktari alimchungulia kwa taa yake. La kulia, alisema, limepasuka kwa sababu ya hewa, jambo linalofahamika kwa mtu aliyeruka na mafua. Akahamia la kushoto, akakaa nalo muda mrefu.

"Na hili?"

"Ni hewa pia," mdogo wangu akajibu.

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Nilinyamaza. Nimepiga watu wengi maishani, nimepigwa pia, lakini nikikosa usingizi ni ule ukimya unaonirudia, si kofi.

"Daktari," mzee wa Butimba akasema, "la kushoto amepigwa. Aliyempiga ni huyu hapa."

La kulia, lile la hewa, lilijifunga lenyewe baada ya wiki kadhaa. La kushoto lilitunga usaha, likatoa harufu, likatibiwa na kurudi tena, na mwisho likaacha kusikia kabisa. Kuruka kukaisha. Harusi ilifanyika, ila mzee aliniletea ujumbe wa heshima kwamba ingekuwa vizuri nisionekane. Mdogo wangu akahamia ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, akafungua duka la vipuri vya pikipiki.

Nilikaa karibu mwaka kabla sijapanda kivuko cha Kamanga kumfuata. Nilimkuta uani anaosha mikono yenye grisi. Alinisalimia, akaniletea kiti, akaniuliza habari za mama. Nikaanza maneno niliyoyapanga tangu Mwanza. Nilikuwa nimekaa upande wake wa kushoto, sikuwa na habari kwamba upande huo hasikii kitu. Alipogeuka akaona midomo yangu inacheza, uso wake ulibadilika.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Alinipiga ngumi ya pua, nyingine ya mbavu, na nilipoinama akanipiga mgongoni kwa viwiko. Sikuinua mkono. Sisemi hivyo kujisifu. Pumzi ilikuwa imekata. Aliendelea mpaka nikapiga magoti kwenye maji machafu ya beseni, naye alikuwa analia huku anapiga.

Mke wake alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakupiga kelele. Alimwambia mumewe, "Baba yangu alikuoza mimi kwa sababu ulisema huna mkono huo," kisha akanigeukia: "Shemeji, hapa kwangu hapigwi mtu. Ukirudi, rudi kwa sharti hilo. Na wewe mume wangu, kaa nalo hilohilo."

Akanipa maji ya kunawa. Mdogo wangu alikaa kwenye kile kiti alichokuwa ameniletea, akatazama chini. Nilimwambia anisamehe, safari hii nikiwa upande wa kulia. Alisema amesikia.

Kwenye kivuko cha kurudi pua ilianza upya kutoa damu. Mama mmoja mwenye ndoo ya samaki furu alinipa kipande cha kanga, akaniuliza nani kanifanya hivi.

"Mdogo wangu," nikasema.

Akaniambia niinamishe kichwa mbele, nisikiinue, na nisipenge.