Mraba Ulionivua Ualimu

Nisiwafiche, jamani. Kabla ya kuja hapa Langley Park, Marekani, kuhudumia wazee, nilifundisha hesabu Morogoro miaka sita, na ualimu haujanitoka. Basi Neema, binti yangu wa darasa la tano, alipojibu "ndiyo" kwenye swali la kazi ya nyumbani lililouliza kama mraba nao ni mstatili, nilimfutisha aandike "hapana".

"Lakini, baba..."

"Nani mwalimu humu ndani?"

Karatasi ikarudi na kosa jekundu. Nikavaa suti, nikaenda shuleni kumtetea mwanangu.

Mwalimu wake akaniuliza kwa upole mstatili ni nini.

"Umbo la pande nne," nikajibu kwa sauti ya darasani, "lenye pembe nne za nyuzi tisini."

Nilipomaliza ndipo nikasikia nilichosema. Mwalimu akageuza karatasi. Nyuma, Neema alikuwa ameandika kwa penseli: "Hilo jibu ni la baba. Langu lilikuwa ndiyo."