Shibiri Mbili Kati ya Bomba na Mbao

Ndugu zangu, wengi wenu mkinisalimia huwa mnaangalia pembeni ili msiuone mkono wangu. Ni adabu, najua, lakini mimi nimeichoka. Leo utazameni. Niliugua kwa sababu ya mkono huu miezi saba, nikapona, na nitawaeleza yote, hata lile ambalo sikulisema mama yangu alipokuwa hai.

Miaka ya sabini nilikuwa kijana mwenye nguvu, mwashi wa kazi safi, na kiburi hakikunipita mbali. Nilifanya kazi kwenye shamba moja la mkonge upande wa Voi. Aliyenifundisha ni Mzee Wafula, fundi aliyetoka Bungoma na kuja huku kujenga nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku tulipofunga jiko la kuni katika nyumba ya meneja, alitandaza vidole vyake hewani, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho, mara mbili.

"Kati ya bomba la moshi na mbao, shibiri mbili," alisema. "Nafasi ikikosekana, hamisha jiko."

Nikamuuliza kwa nini, maana bomba halitoi cheche ubavuni. Akaniambia mbao ikipashwa joto kila siku hukauka hadi ndani, inabadilika rangi, na siku moja inawaka yenyewe bila kuguswa na moto. Nilimwitikia kama vijana wanavyowaitikia wazee.

Kwetu ni Ronge, juu milimani. Mama alikuwa mjane, akipika kwa mafiga matatu ndani ya chumba cha jiko cha udongo kisicho na dirisha. Alikohoa mpaka majirani wakamjua njiani kwa kikohozi chake. Daktari alimpima kifua, akanigeukia mimi.

"Huyu mama anakula moshi. Mtolee huo moshi, la sivyo utamzika."

Basi nikamjengea chumba kipya cha jiko, cha matofali. Nilikata pipa la mafuta nikatengeneza jiko lenye mlango, nikakunja mabati kuwa bomba, nikalipitisha darini mpaka juu ya paa. Pale darini niliacha shibiri mbili kila upande, kama nilivyofundishwa. Baada ya miezi miwili mama alikuwa analala bila kukohoa. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote Ronge nzima.

Lakini kwetu mahindi ya mbegu hukaa juu ya moto. Hufungwa mafungu kwa maganda yake, hutundikwa darini juu ya mafiga, na moshi unayalinda. Hivyo ndivyo bibi alivyofanya, na bibi yake. Jiko langu lilipeleka moshi wote nje. Msimu wa kupanda ulipofika, mama alishusha fungu la kwanza na unga ukamwagika mikononi mwake. Wadudu wa nafaka walikuwa wamekula mbegu yote.

"Mwanangu, umeniponya kifua," alisema, "lakini hii mbegu umeiua."

Nilimtania kwamba mahindi yake yalikuwa yamezoea kuvuta kama wazee wa kilabuni. Hakucheka. Alikwenda kuomba mbegu kwa shemeji yake, na hilo lilimwumiza kuliko kikohozi.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliona kwamba ikiwa moshi haupo, joto la bomba litatosha kuyakausha mahindi. Nikaongeza mbao za dari mpaka karibu na bomba. Nilipomaliza, nafasi iliyobaki ilikuwa vidole vinne. Nilijua kipimo, lakini nikajidanganya kwa kipande cha bati: nilikipigilia kwenye ukingo wa mbao, kikagusana nayo kabisa, nikasema hiyo ni kinga. Bati lisiloachiwa hewa nyuma yake halizuii kitu. Linapokea joto na kuukabidhi ubao.

Mahindi yalikauka vizuri. Mama alifurahi. Mwaka wa pili, wakwe zangu watarajiwa walipokuwa wanakuja kutuona, nilipanda darini kusafisha. Ubao wa kando ya bomba ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya rangi, na karibu na misumari ulikuwa mweusi. Ulinuka kama mkate ulioungua. Nilikaa pale juu nikiutazama. Kisha nikateremka, nikachukua chokaa, nikaupaka mweupe.

Moto ulitokea Jumamosi asubuhi mwezi wa saba, wakati ukungu wa kwetu hukaa mlangoni mpaka saa nne. Baridi ilikuwa kali na mama alikuwa ameshindilia kuni jikoni. Nilikuwa nakunywa uji. Nikasikia juu sauti ya kitu kinachochakarika ndani ya maganda makavu. Mama alidhani ni panya.

Nilipanda ngazi nikachungulia. Mafungu mawili ambayo mama alikuwa ameyasogeza karibu na bomba asubuhi ile kwa kijiti, yapate joto zaidi, yalikuwa mazima. Upande wa pili, ukingo wa ule ubao wangu ulikuwa mwekundu chini ya chokaa, na mafungu yaliyoegemea pale yalikuwa yanawaka. Niliona wazi, kwa hiyo sitasema sikujua.

Niliunyakua ubao ule kwa mikono, nikitaka kuung'oa. Dari yote ikaniangukia. Mahindi yanayowaka yaliniingia mgongoni ndani ya shati. Nilimsukuma mama nje kwa bega, maana mikono ilikuwa haishiki tena. Majirani walichota maji mferejini wakanimwagia. Mmoja akanipaka mafuta ya kupikia, mwingine utomvu wa mgomba, kila mtu kwa huruma yake. Ngozi ya mkono wa kulia ilikuwa imetoka na kuning'inia kwenye vidole. Ajabu ni kwamba pale palipoungua sana sikusikia maumivu.

Maumivu yalikuja hospitalini. Muuguzi, mama mmoja Mkamba, ilimbidi aoshe yale mafuta yote na utomvu kabla ya kunitibu. Kila baada ya siku moja alilowesha bandeji kwa maji ya chumvi, halafu akazibandua. "Fundi, piga kelele, hapa hakuna anayekucheka," alikuwa akiniambia. Nikapiga. Wiki ya tatu usaha ulianza, wa kijani, na harufu yake ilinifanya nishindwe kula. Homa ikapanda nikawa naongea peke yangu. Daktari akaja akanishika kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, nikaona anakishika lakini sikuhisi.

"Hiki kimekufa," alisema. "Kikibaki, kitachukua mkono mzima."

Walikikata. Baadaye walichuna ngozi ya paja wakaibandika kiganjani. Nililia sana siku hizo, na si kwa maumivu tu. Mwashi asiye na mkono wa kushika mwiko ni nani?

Mzee Wafula alipanda kutoka Voi kuja kunitazama. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda. Mzee alisalimia, kisha akauliza swali moja.

"Uliacha shibiri ngapi?"

"Mbili," nikasema.

Mama akainamisha kichwa. "Ni mimi, mzee. Asubuhi ile nilisogeza mahindi kwenye bomba kwa kijiti. Nimemchoma mtoto wangu."

Mzee Wafula alinitazama akisubiri. Neno langu moja tu lingetosha kumwondolea mama lawama. Nilitazama ukuta.

Nilipona polepole. Yule muuguzi alinipa donge la udongo mbichi nilifinye kutwa nzima ili vidole visijikunje. Mwanzoni hata alama ya vidole haikuonekana kwenye udongo. Mwezi wangu wa saba hospitalini niliweza kushika mwiko. Nilipotoka hospitalini, Mzee Wafula alinijia na ufito ulionyooka, uliokatwa pande zote mbili kwa msumeno.

"Mkono wako hauwezi tena kupima shibiri," alisema. "Huu ni shibiri zangu mbili." Hakuniuliza kitu kingine. Nilijua kwamba ameshajua.

Niliutundika ufito ule karibu na mlango. Mama akauliza ni wa nini.

"Wa kupimia tu, mama."

Nilimjengea jiko jingine, lenye nafasi yake kamili, na mbegu nikamwekea kwenye debe lenye majivu. Hakuwasha moto mle hata siku moja. Alisema mkono wake una mkosi na moto. Alirudia mafiga, huko nje chini ya upenu, katika ukungu, na kikohozi kikamrudia. Kila nilipokuja kutoka kazini aliushika mkono wangu huu, akaupaka mafuta, akaniomba msamaha. Nami nilimsamehe. Mnaelewa? Nilimsamehe mama yangu kwa kosa langu, miaka mitatu, mpaka tukamzika mwezi wa saba mwingine.

Namshukuru Mungu kwa uhai. Namshukuru yule muuguzi, na mzee aliyenijua akanivumilia. Ninyi mlio na bomba nyumbani, nendeni leo mkatazame ubao ulio jirani nalo. Ukiwa na rangi ya chai, msiupake chochote. Ung'oeni. Bati la kinga liachieni hewa nyuma yake, na kitu chochote kikavu kikae mbali. Asiye na kipimo aje kwangu, ufito bado uko pale mlangoni.

Na yeyote kati yenu aliyekuwa akisema kwamba mama yangu alinichoma, asiseme tena. Niliacha vidole vinne, nikaona ubao umeungua, nikaupaka chokaa. Ilinipasa nimwambie mama kwanza.