Gunia Lisilo na Kichwa

Miguu yangu haijui kukaa. Mwalimu wetu wa fizikia kwenye masomo ya jioni, yule aliyekuwa akitufundisha huku sote tumevaa makoti, alituambia kwamba kitu kilichotulia kitaendelea kutulia mpaka kisukumwe. Darasa zima likanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa ushahidi kwamba mwalimu anadanganya. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa mama mtu mzima, nikitokea sokoni na udongo wa viazi kwenye kucha, na naapa kwamba kwa kuzunguka nyuma ya madawati peke yake nilitembea kutoka Mbeya hadi Iringa, nikarudi, nikapitia na Rujewa kusalimia.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mwambie akae juu ya gunia asubiri.

Ilikuwa Uyole, mvua za kwanza zikinusanusa. Mama mwenye nyumba wangu, mjane Msafwa mwenye shamba la viazi kwenye mteremko nyuma ya mji, alikuwa amelazwa hospitali, mguu umefungwa plasta nene kama mgomba. Aliteleza shambani kwake na ndoo ya viazi kichwani. Ndoo ilifika chini salama, yeye hapana. Viazi vyote vilikuwa vimeshachimbwa, vimelala kwenye rundo pembeni ya barabara inayopita shambani, chini ya turubai lenye matundu, na kiazi kikishachimbwa hakina subira kama mimi. Jua likikipiga kinakuwa kijani na kichungu, mvua ikikipiga kinaoza. Msimu wake wote ulikuwa pale: chakula, matibabu na mbegu ya mwakani.

Hakuna aliyeitisha kikao. Asubuhi moja jirani yetu muuza maandazi alipita na magunia begani, akasema tu, "Mnakuja au mnanitazama?" Mwingine akatoka na sindano za kushonea magunia, mwingine na ndoo ya uji imefunikwa kwa kanga. Wanawake wa uchochoro mzima tukapanda mlima ule kwa mstari mrefu, nadhani mkia ulikuwa bado Tunduma.

Lakini kulikuwa na sharti. Jana yake nilikuwa wodini, na mama yule alinishika mkono kwa nguvu ambayo mgonjwa hatakiwi kuwa nayo.

"Mwanangu, msiniwekee kichwa."

"Mama, lala upone."

"Nitalala. Ila kichwa msiniwekee."

Alikuwa anasema lumbesa. Kwa asiyejua: unajaza gunia viazi mpaka mdomoni, halafu juu ya mdomo unajenga mlima mwingine, unaufunga kwa wavu wa kamba za katani, mpaka gunia linaota shingo na kichwa kama mtu aliyevaa kilemba. Tajiri, ndivyo tunavyomwita mnunuzi mwenye lori, anakulipa gunia moja. Kichwa ni zawadi yake. Imekatazwa, na katazo limeandikwa kwenye ubao mlangoni pa soko, ubao ambao kila siku umeegemewa na lumbesa.

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa hakubali. Miaka yote alishona magunia yake bapa, na miaka yote alikuwa wa mwisho kununuliwa. Matajiri walimpita kama wanampita mwenye ukoma. Yeye anakaa pembeni anasuka mkeka, akiulizwa anajibu, "Mimi nauza gunia. Kichwa akatafute kwao." Jioni lori moja lenye nafasi iliyobaki linamrudia. Sasa hivi tulikuwa na kazi ya kuwa na msimamo wa mtu mwingine, huku wingu limekaa juu ya mlima kama mdai.

Nikapewa ushonaji, kwa kuwa mikono yangu nayo haitulii. Nilishona magunia mengi kuliko kiwanda. Sikuinua uso. Nilikuwa nawaza mvua, nawaza wodi, nawaza kama watoto wamekula, na mkono ukaenda wenyewe pale ulipozoea. Mimi nimezaliwa Ilula, kwenye nyanya. Kwetu tenga la nyanya halifungwi bila majani juu, ili nyanya zisipondeke njiani. Tangu niko mdogo, kabla ya kufunga chochote, mkono unakwenda kwenye majani. Basi nikawa nachuma majani kwenye mpaka wa shamba, nashindilia mdomoni mwa gunia, nashona, nakwenda jingine.

Majani nayo yana tabia yake. Ukiyashindilia yanatii, ukigeuka yanainuka.

Muuza maandazi ndiye aliyeona kwanza. Alisimama mikono miwili kiunoni.

"Gwe, wewe! Nini hiki?"

"Nini?"

"Umeweka vichwa!"

"Sijaweka kiazi hata kimoja!"

"Sasa hicho kinachonitazama ni nini?"

Nikageuka. Magunia yote yalikuwa yamesimama pembeni ya barabara, kila moja na kichwa chake cha duara, yamejipanga kama wazee wa kanisa. Nani kwenye dunia hii ya Mungu anawekea viazi majani? Mhehe wa nyanya tu. Nikashika mkasi niyafumue, na hapo hapo lori likafika.

Tajiri ambaye kila msimu alikuwa anampita mama yule safari hii alifunga breki mbele yetu kabla ya watu wote. Akashuka na taulo shingoni, anacheka meno yote.

"Leo mama amekua!" akasema. "Leo tunaongea lugha moja. Pakieni!"

Makuli wakaruka chini. Mkubwa wao, mwanaume mwenye bega moja lililoshuka kuliko jingine, akainama chini ya gunia la kwanza, akavuta pumzi ya kubebea lumbesa, akanyanyuka. Gunia likapaa. Kidogo limvuke lidondokee ng'ambo ya barabara. Alibaki amesimama, amelishika kwa mshangao, halafu akachomeka kidole kwenye kichwa. Kidole kikazama chote.

"Tajiri," akasema taratibu, "kichwa hiki hakina ubongo."

Kicheko kilichotoka pale, watu wa Tukuyu walidhani ni tetemeko. Makuli wanacheka, wauza mahindi ya kuchoma wanacheka, mimi machozi. Mtu mmoja tu hakucheka.

"Mmenichezea," tajiri akasema.

Nikaona huu ndio wakati elimu yangu ilikuwa inasubiri. Nikakohoa. "Ndugu mnunuzi, kwa mujibu wa sheria ya vipimo, gunia halitakiwi kuzidi..."

"Dada, umesoma wapi?"

"Masomo ya jioni."

"Ndiyo maana mchana huoni."

Makuli wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi, nami nikainama kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea. Tajiri akaendelea, tena bila ukali, na ndilo lililoniuma zaidi. Toeni majani, wekeni viazi, nipakie niondoke. Hamtaki, kuna marundo mengine. Akatazama juu mlimani, nasi tukatazama. Wingu lilikuwa limeanza kushuka.

Muuza maandazi akanivuta nyuma ya lori.

"Tuweke," akanong'ona.

"Amesema tusiweke."

"Amesema akiwa kitandani, kwenye blanketi. Sisi tuko kwenye mvua. Viazi vikioza, huo msimamo atautia chumvi ale?"

Nililizunguka lile lori, nikalizunguka tena, nikagusa matairi kama vile nitalinunua mimi. Kila nikifika upande wa rundo nawaza: weka, mtu apate dawa. Nikifika upande wa magunia naukumbuka mkono wake kwenye wangu. Upepo ulianza kunyanyua turubai, wenzetu wawili wakakaa juu ya pembe zake kulishikilia, wanatusubiri sisi wawili. Muuza maandazi alikuwa na haki na mimi nilikuwa na haki, na baridi ilikuwa inatupiga wote sawasawa.

Tuliporudi mbele, kuli mkubwa alikuwa amekaa juu ya gunia letu anajikanda shingo.

"Tajiri, mimi la leo nimelipenda," akasema.

"Lipi?"

"Hili lisilo na kichwa. Bega limeshukuru."

Hapo ndipo nilipoliona vizuri lile bega. Miaka yote nimekuwa nahesabu lumbesa kwa hasara ya mwenye viazi, nikasahau kwamba kuna mtu anayeibeba. Naye analipwa kwa gunia. Kichwa anakibeba bure, kama sisi tunavyokitoa bure.

"Panda upakie," tajiri akasema.

"Haya nitapakia. Bapa, moja baada ya jingine, kabla mvua haijafika. Ya vichwa leo mgongo umekataa." Akamgeukia mwenzake. "Wewe wako umesemaje?"

"Wangu ulikataa tangu juzi, haukuwa na mtu wa kumwambia."

"Mnagoma?"

"Tugome sisi, bosi? Tumepumzika tu."

Wakakaa wote. Na muuza maandazi, huyu huyu aliyekuwa anataka tuweke vichwa dakika ile, akafungua ndoo ya uji akawamiminia wao kwanza, vikombe vimejaa mpaka vinamwagika, halafu akatoa maandazi aliyokuwa ameyaficha hata sisi hatujui. "Kunyweni, wanangu, migongo hiyo siyo ya chuma," akasema, kama vile lilikuwa wazo lake tangu mwanzo.

Mimi kukaa nikashindwa. Nikachukua mkasi, nikaanza kufumua magunia, natoa majani, nashona upya, bapa, huku wenzangu wakimalizia kujaza viazi vilivyobaki kwenye rundo.

"Wewe, unafanya nini?" tajiri akaniuliza.

"Natoa majani, kama ulivyoagiza."

"Niliagiza uweke na viazi!"

"Hapo upepo ulikuwa mkali, bosi, sikusikia."

Tone la kwanza likampiga kwenye upara. Alitazama mbingu, akatazama makuli na uji wao, akatazama barabara yote iliyojaa magari yanayowahi kuliko lake. Sijui ndani yake kulipita nini, na sitamsingizia huruma. Akajifuta na taulo.

"Pakieni. Haya tu. Na leo tu."

Wakapakia kwa kasi ambayo hata wezi hawana. Mvua ilitukuta tunakunja turubai tupu.

Nisiwadanganye lakini. Lori lile lilisogea mpaka rundo la pili, la mtu mwingine, na pale magunia yalikuwa na vichwa vya kweli. Makuli wakayabeba, kwa kuwa nao wana nyumba. Yule mkubwa alipopita na lumbesa begani alinitupia jicho kidogo, akainua nyusi. Nilitamani kumkimbilia na mkasi.

Wodini mama alikuwa macho.

"Mliweka kichwa?"

"Tuliweka," nikasema, nikamwacha anune kwanza. "Cha majani."

Nilipomaliza kumhadithia alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza nani anaumwa. Kisha akageukia ukuta, mabega yanamtikisika, na siyo kwa kicheko. "Ndaga fijo," akasema kwa kile Kinyakyusa cha majirani zake, maana asante ya Kiswahili aliiona fupi. Halafu akageuka ghafla. "Majani ya wapi?"

"Ya mpakani."

"Ya mbuzi wangu hayo!"

Baada ya mavuno nilikwenda Ilula kumwona mama mzazi. Bado anauza nyanya pembeni ya barabara kuu, mezani kwa wasafiri, na matenga kwa wenye malori, matenga yenye vilemba vya nyanya juu, kwa sababu hata kwetu ni yale yale. Nikamsalimia kamwene, kwa Kihehe chetu, na kabla hajaitikia vizuri nikaanza kumsimulia, huku natembea meza hadi barabara, barabara hadi meza.

"Kaa chini, unanitia kizunguzungu," akasema, nikakaa kwenye ukingo wa tenga tupu. "Huku siyo Uyole. Huku ukikataa, wanasogea kwa jirani."

"Na jirani naye akikataa?"

"Jirani unamjua?"

Namjua. Alikuwa meza ya pili, anafuta nyanya kwa kitambaa, ametulia mno kwa mtu asiyesikiliza.

Lori likapunguza mwendo kwenye kona. Mama akaweka kiganja juu ya tenga, kama anayepima homa ya mtoto. Akaanza kuondoa nyanya za kilemba, moja moja, anazipanga mezani, mpaka tenga likawa bapa.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafanya nini? Zilikuwa zinadondoka."

Kwenye meza ya pili kitambaa kilikuwa kimesimama. Yule jirani alitazama tenga letu, akatazama lake, akafuta tena nyanya ambayo ilikuwa imeshang'aa. Mlango wa lori ukafunguka. Mimi nilikuwa nimeshasimama.